Bwawa la Kitonga

Makau alikuwa ameshatupa makoleo kumi ya udongo ndani ya bwawa la samaki kabla mwenye bwawa, Kitonga, hajatoka bafuni mbio, akivaa shati, sabuni bado masikioni.

"Baba Mumo! Samaki zangu zimekukosea nini?"

"Usinitajie hilo jina! Hii maji yako iliua mtoto yangu. Sasa unataka na huyu?"

Huyu alikuwa Kanini, wa miaka minne, aliyebebwa mgongoni na mama yake, Ndila. Alikuwa ametoka hospitali juzi, amebaki mifupa. Kaka yake, Mumo, hakutoka. Walimzika Februari.

Hasira hasara, watu husema, lakini waliosema hivyo hawakumzika Mumo. Makau alikuwa fundi wa mawe huko Siaya. Krismasi, Pasaka na Agosti alikuja nyumbani Ekalakala, na kila mara aliwaacha watoto wakirukaruka. Mwezi mmoja baadaye, simu: malaria. Ni kama mtu pale kijijini alingoja apande basi kwanza. Safari hii Makau aliomba ruhusa siku ileile ya simu, akaja na koleo lake.

Kelele zilimleta Daktari Waruguru, mtafiti aliyekuwa amekaa wiki nzima akipima damu ya wanakijiji kwenye kibaraza cha kanisa.

"Weka koleo chini, Makau. Nimechota maji haya mara tatu. Samaki wanakula viluwiluwi wote wa mbu. Hapa tunatafuta mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu asiyeugua. Ndani ya kimelea cha malaria kuna agizo: acha kumsumbua mtu, jiandae kusafiri na mbu. Kuna ujumbe mwingine umeandikwa kinyume, unaofunika hilo agizo. Huo ujumbe ukinyamaza, agizo linaamka. Mwenye hiyo damu hana homa, anakula, anafanya kazi. Lakini mbu akimuuma kisha aume wengine, hao wengine ndio wanalala kitandani."

"Na umepima nani?"

"Wote wa hapa. Amebaki Kitonga. Amenikataa mara mbili."

Makau aligeuka polepole. Kitonga alikuwa mnene, mwenye afya, hata aibu hana.

"Mimi sijawahi kuwa mgonjwa," Kitonga alisema. "Nitoe damu ya nini?"

"Muuaji wewe!" Makau alimkunja shati. "Utapimwa leo ama tuzikane hapa! Na mimi ndio naanza, uone vile mwanaume anatoa mkono. Miaka minne Siaya kwenye mbu wote wale, sijameza hata Panadol!"

Kibarazani Makau alinyoosha kidole bila kupepesa jicho. Kitonga alifuata, akifumba macho yake kama anang'olewa jino. Daktari alisema wangoje nusu saa.

Makau hakungoja kimya. Alimpakata Kanini akamweleza Kitonga, mbele ya Ndila na mbele ya kanisa, kwamba damu ya mtoto haipotei bure. Atahama kijiji hiki leo. Akikataa, nyumba yake itang'olewa bati kwa bati, na yeye Makau atakuwa wa kwanza kupanda juu. Kitonga alilia. Ndila naye alimtazama jirani yake kwa chuki ambayo hakujua anayo.

Hatimaye daktari aliinua uso kutoka kwenye hadubini.

"Kitonga, uko sawa. Hakuna kitu."

"Angalia tena!" Makau alifoka. "Angalia vizuri!"

"Nimeziangalia damu zenu zote mbili, mara mbili." Hakumwangalia Makau. Alimgeukia Ndila. "Mama Kanini, kila mara kabla watoto hawajaugua, nyumbani kwako huwa kumekuja nani?"

Ndila aliruka kutoka kwenye benchi, akampokonya Kanini mapajani mwa baba yake.