Mwongozo wa Ndani ya Mashine

Intaneti ilikuwa imekatika kwa siku ya nne katika ofisi ya makaburi, na karani Mbaruku hakuwa na wa kumuuliza ila kompyuta yenyewe. Jana alikuwa ameifuta kimakosa orodha yote ya makaburi. Kwenye skrini nyeusi yenye maandishi matupu aliandika amri ya kufungua mwongozo uliohifadhiwa humo, akausoma ukurasa baada ya ukurasa akitafuta njia ya kuirudisha.

Bi Sikudhani alikuwa ameketi mbele yake tangu saa mbili, amepakata mche wa asumini kwenye kopo. Alikuja kumpandia mwanawe, aliyezikwa yeye akiwa mbali, chini ya namba asiyoijua.

"Unasemaje huo mwongozo, mwanangu?"

"Bado nasoma, mama."

Macho yalimuuma. Kila alipobonyeza kitufe maandishi yalipanda, hadi yakaisha. Mstari wa mwisho ulisema kilichofutwa kwa amri aliyoitumia jana hakirudi.

"Umefika wapi?"

Mbaruku aliutazama mche. Majani yalikuwa yameanza kulegea. Akainuka, akachota maji, akaumwagilia. Kisha akarudi kitini, akaupandisha mwongozo hadi ukurasa wa kwanza.

"Ndiyo kwanza naanza, mama."