Nyayo za Shekuwe

Mwezini hakuna upepo wa kufuta nyayo, ndiyo maana sheria ya mlimani ni moja: anayerudi nyumbani hufagia nyayo zake. Nyayo za Shekuwe zilipanda tu, hazikushuka, na mkewe, Mwanahawa, hakukubali mtu aziguse.

"Mama, huu mwaka wa tisa," mkaguzi alimwambia kwa upole kwenye redio ya kofia ya anga, akimkabidhi ufagio. "Zifagie, upumzike."

Mwanahawa alizifagia akipanda, taratibu, kama anayefagia uani asimwamshe aliyelala. Alipoufikia unyayo wa mwisho, ukingoni mwa shimo kubwa, aliweka mguu wake juu yake.

"Na huo?" mkaguzi aliuliza kutoka chini.

"Huu wangu," alijibu. "Nitaufagia nikirudi."