Mweupe Mmoja

"Mama Nakiete, mbona unamwombea nyoka?" Mama Elibariki, jirani yangu, aliwahi kuniuliza.

"Namwombea mwanangu," nikamjibu.

Siku hizi ndoa haifungwi mpaka nyoka wa nyumba mbili wapandishwe. Watoto wao wakiwa wekundu wote, harusi ipo. Akitokea mweupe hata mmoja, hakuna. Nyoka wetu nimemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, nikitarajia uzao mwekundu mtupu.

Amepandishwa na nyoka wa kwa mchumba wa Nakiete, na leo mayai yameanguliwa. Mmoja ni mweupe.

"Mkaguzi anakuja saa ngapi?" Nakiete akauliza.

"Mchana."

"Nani mwingine amemwona huyu?"

"Mungu."

"Mungu si mkaguzi, mama."

Akamviringisha yule mweupe kwenye kitambaa changu cha kanisani, taratibu, akatoka naye.