Mahindi Katikati ya Mto

Kwenye ramani ya Dwight, mahindi ya Hulda Pospisil yalikuwa katikati ya mto.

“Enzi za babu yako mto Missouri ulipita hapa,” Dwight alisema, akigonga karatasi kuukuu kwa kidole. “Hii gati. Hii njia ya magari ya ng’ombe. Na hapa penye msalaba ndipo ilipozama meli ya mvuke *Lavinia*. Mto ukahama, meli ikabaki chini ya shamba lako.”

“Na mahindi yangu yakabaki juu yake. Toka!”

Dwight akatoka, akajigonga paji la uso mlangoni. “Lo! Nyumba hii ilijengewa watoto?”

“Babu alijenga kwa alichopata. Inama, au kaa nje.”

Alirudi na amri ya hakimu. Achimbe mpaka theluji ya kwanza. Kila kilichokuwa cha *Lavinia*, hata msumari, ni chake popote kilipo. Baada ya hapo asikanyage tena.

Matrekta yakaingia shambani. Jamani, mahindi yenyewe ndiyo kwanza yalikuwa yanabeba! Hulda alilia, kwa hasira wala si kwa unyonge. Kisha akafuta uso, akaingia jikoni. Kila adhuhuri aligonga ile kengele kubwa ya barazani iliyopakwa rangi nyeupe, na wachimbaji wakaja mbio kula nguruwe na kabichi, nje, mezani chini ya dirisha.

“Mama, wewe ni mtu wa ajabu,” Dwight alisema, mdomo umejaa. “Adui unamlisha?”

“Mwenye njaa huchungulia jikoni kwa watu. Kula, urudi shimoni.”

Theluji ikaanguka. Walikuwa wamepata tumbo la meli tu, mbao zilizooza na matope.

“Hakuna kitu,” Dwight alisema kinyonge. “Sehemu yote ya juu imeliwa na mto.”

“Pole, kijana. Mto nao una njaa yake. Nenda salama, na usirudi.”

Hulda alisimama barazani mpaka gari la mwisho likapotea. Ndipo akachukua kisu, akakwangua rangi kwenye kengele hadi jina *LAVINIA* likang’aa. Akaigonga kwa nguvu zake zote.

Kisha akainama mlangoni, akapanda ngazi, akaenda kujinyoosha katika chumba cha nahodha.