Pasipoti Chini ya Mnara

"Nishikie mkoba, Milly, ngazi zenyewe nyembamba," madam alisema. Akamshika mwanawe mkono, wakapanda mnara wa kale wa walinzi ulio ukingoni mwa Khor, mkono wa bahari unaoukata mji huo wa Kiarabu.

Milly alibaki chini, kwenye kivuli cha ukuta wa mawe ya matumbawe, watalii wakipiga picha nyumba za zamani. Simu ikalia ndani ya mkoba. Alipoufungua ili aizime, akaona pasipoti ya Uganda.

Akaitoa. Ilikuwa yake. Kona moja ya jalada ilikuwa imekunjika, vilevile kama siku alipomkabidhi madam miaka mitatu iliyopita. Mkataba wake wa kazi za nyumbani ulikuwa wa miaka miwili. Kila alipoomba kwenda kumwona mama yake mgonjwa, madam, ambaye wazee wake walitoka Unguja, alimjibu kwa Kiswahili chake laini: "Mwezi ujao, inshallah."

Hatua ishirini kutoka pale, mwenye mashua alikuwa akiita abiria wa kuvuka kwenda Deira, ng'ambo ya pili.

Viatu vya madam vikaanza kugonga ngazi, vikishuka.

Milly angeweza kukimbia. Hata hivyo alisimama palepale, mlangoni pa mnara.

"Haya, lete mkoba, twende zetu."

Milly akampa mkoba. Pasipoti akaibana kifuani.

"Hii sikurudishii, madam. Nakwenda kumwona mama."

Madam akanyoosha mkono, akaishika pasipoti, akavuta.

Milly hakuachia.