Treni Iliyotoka Mbali

Semeni alifunga magurudumu ya treni za kuchezea kwa miaka ishirini, mpaka kiwanda cha mjini kwao kilipofungwa. Siku moja aliiona dukani treni yenye jina la kiwanda kile. Akaigeuza, chini iliandikwa kuwa imetengenezwa nchi ya mbali.

"Hii si yetu," alimwambia muuzaji.

"Mama, mtoto atajuaje imetoka wapi? Itazame kwanza."

Muuzaji akaiweka kwenye reli ya duara juu ya meza. Semeni aliweka mikono ndani ya duara, akasubiri iyumbe ikizunguka, kama zao zote zilivyoyumba. Haikuyumba. Ilipita kimya, laini, bora kuliko yoyote aliyowahi kuiunda. Mikono yake ikabaki katikati ya duara, na treni ikaendelea kuizunguka.