Zafa Kupita Mtaa wa Makaa

Bayumi hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, wala hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia fimbo yake. Shule hakuiona. Kitu kimoja alichokuwa nacho, na ambacho Kairo ya zamani yote ilikijua, ni neno lake: likishamtoka, halirudi.

Ndiyo maana Alhamisi ile alasiri alikuwa ametangulia mbele ya zafa ya harusi ya binti yake wa pekee, Zakiya, akimpeleka kwa mumewe. Fatiha ya posa aliisoma na Haji Tantawi mwenye kinu cha kusaga unga, msikitini, mbele ya watu, Zakiya akiwa na miaka saba. Sasa msichana ana kumi na saba, na Tantawi ana wake wawili na mguu wa kuburuta. Kwa siku tatu Zakiya hakutia kitu kinywani. Bayumi hakumtazama usoni.

"Mzee, njia ya sokoni iko wazi," alisema Shalabi, msaidizi wake.

"Tutapita Mtaa wa Makaa."

"Kwa Sekina?"

"Unamjua mwingine?"

Mtaa wa Wasuka Mikeka na Mtaa wa Makaa ilikuwa ikipigana tangu mababu wagombee kisima. Serikali ilikuja ikang'oa malango ya mitaa, ikaleta tramu na askari wenye filimbi. Vita vikabaki palepale. Kila mtaa ulikuwa na mbabe wake, wa kuamua kesi, kuzika maskini na kupasua vichwa vya wageni. Wa Wasuka Mikeka alikuwa Bayumi. Wa Makaa alikuwa mwanamke, Sekina, mjane mwenye mabega kama kabati, aliyeirithi fimbo ya marehemu mumewe na kuitumia vizuri kuliko yeye.

Sheria ilijulikana. Zafa ikiingia mtaa wa wenyewe, bendi husimama mbele ya mkahawa wa mbabe na kumpigia salamu. Isipopiga, fimbo hupiga. Na zafa ikivunjwa njiani, bibi harusi hurudishwa kwa baba yake, na yule aliyekuwa akimngoja hamchukui tena maishani. Ni nuksi inayobomoa nyumba.

"Tukifika kwake, bendi inyamaze," Bayumi aliagiza. "Na ni fimbo tu. Nikimwona mtu na kisu, nitamtoboa nacho mwenyewe."

"Basi leo tunakufa na nguo mpya," alisema Shalabi, na vijana wakacheka. Walikuwa tayari kufa kweli. Jina la mtaa lilikuwa mikononi mwao.

Gari la bibi harusi Bayumi aliliacha nyuma kabisa, kwenye uwanja wa kisima, ambako farasi wangeweza kugeuka. Shalabi alipomtazama, Bayumi alisema, "Vumbi lisimfikie."

Sekina alikuwa barazani mwa mkahawa akivuta shisha. Ngoma zilinyamaza mbele yake.

"Bayumi, bendi yako inaumwa tumbo?"

"Haiwapigii wauza makaa."

"Mzee hana meno, lakini anang'ata." Akaweka mrija chini taratibu, akachukua fimbo, akainuka.

Wa kwanza kupigwa alikuwa mpiga tarumbeta; chombo kilizama mdomoni pamoja na meno. Fimbo ziligongana kama mvua ya mawe juu ya bati. Shalabi alimvunja mtu taya, kisha mkono wake mwenyewe ukavunjika juu ya kiwiko, ukaning'inia, naye akaendelea kwa mkono wa pili huku akitukana. Kijana mmoja alivishwa ngoma shingoni. Damu ilichuruzika kwenye mfereji wa katikati ya njia.

Bayumi alimpiga Sekina bega pigo la kuangusha punda. Sekina hakuanguka. Alizungusha fimbo chini chini, ikamwingia Bayumi ubavuni, na waliokuwa karibu walisikia mfupa ukivunjika. Bayumi akapiga magoti.

"Imetosha, mzee?"

Bayumi alitema damu. "Bado."

Sekina akampiga tena palepale. Na tena. Mara hii Bayumi alilala kifudifudi, shavu kwenye vumbi la makaa, asiinuke.

Sekina alipita juu yake akaenda hadi uwanjani. Gari halikuwa limeguswa na mtu, hata ua moja halikudondoka.

"Geuza," alimwambia mwendesha gari. "Mrudishe mtoto kwa mama yake."

Bayumi walimbeba juu ya mlango uliong'olewa. Madirishani wanawake walilia kama msibani. Jioni mkahawa wa Wasuka Mikeka haukuwasha taa.

"Tumekwisha, mzee," Shalabi alisema, mkono umefungwa kwa mbao, machozi yakimtoka. "Watatucheka hadi kiyama."

"Watatucheka," Bayumi alikubali, akageukia ukutani.

Asubuhi alikuja kinyozi Mitwali, ambaye huunga mifupa ya mitaa yote miwili, na kwa hiyo hapigwi na mtu. Alimpapasa Bayumi kifuani. "Mbavu tatu. Ya nne ina ufa."

Zakiya alikuwa ameketi mkekani na kalamu, bakuli la maharage likiwa tupu pembeni yake. Baba alitamka, yeye akaandika:

"Kwa Haji Tantawi. Neno langu nimelitimiza. Binti nilimtoa nyumbani kwa ngoma, mchana, mbele ya watu. Zafa imevunjwa. Desturi unaijua. Tafuta mwingine."

Bayumi alichovya muhuri wake wa shaba kwenye wino, akaukandamiza chini ya maandishi. Zakiya alikunja barua, akaifunga kwa nta. Bayumi akamkabidhi kinyozi.

"Mpe Tantawi mkononi," alisema, akivuta pumzi kidogo kidogo. "Kisha pita kwa Sekina, umwambie tulipatana ubavu mmoja."